Maarufu kwa Jina la

Aliyekulia Unguja, Tanga au Dar es Salaam anayajua matangazo ya vifo ya redioni. Mtangazaji husoma jina kamili la marehemu, majina matatu au manne kama yalivyo kwenye cheti, kisha huongeza maneno ambayo msikilizaji alikuwa akiyasubiri: "maarufu kwa jina la". Hapo ndipo jirani anapoacha kukuna nazi na kutega sikio. Lile jina la mwanzo halikumwambia kitu. Ameishi ukuta kwa ukuta na mtu huyo miaka thelathini, wameazimana chumvi na kinu, na siku zote amemwita Mama Fulani, au kwa jina la utani lililotokana na kisa ambacho hata chanzo chake kimesahauliwa. Bila maneno hayo manne, maiti ingezikwa naye yuko jikoni.

Wazazi wetu wanasikiliza matangazo hayo mpaka leo kwa simu, huku ughaibuni. Sisi tumeanza kuyafikiria upya kwa sababu ambayo hatukuitarajia, nayo ni biashara.

Tunaoandika haya tu watatu, wanachama wa klabu hii, na ni wakurugenzi wa kampuni ndogo ya chakula hapa England. Jumamosi tunaweka meza gulioni: mandazi, kachori, vitumbua, biriani ya kuku, achari ya ndimu, chai ya tangawizi. Wakati wa harusi na Idi tunapika kwa oda. Wakurugenzi ni watatu ingawa tulioanza kupika pamoja tulikuwa watano. Wenzetu wawili wako hapa kwa viza ya masomo, na viza hiyo haimruhusu mwanafunzi kujiajiri wala kuendesha biashara. Wao wamebaki kuwa waonjaji wakuu, kazi isiyo na mshahara lakini yenye heshima yake.

Kampuni yetu ina majina mawili. Jina la biashara hatutalitaja hapa, maana gazeti la klabu si mahali pa matangazo. Itoshe kusema kuwa ni la Kiswahili, maneno mawili yanayomkumbusha mtu jiko la bibi yake. Ndilo lililo kwenye bango, kwenye aproni na kwenye chupa za achari. Jina la kisheria ni herufi za mwanzo za majina yetu, kisha neno moja la Kiingereza, kisha Limited. Hakuna mteja aliyewahi kulitamka, na sisi wenyewe hulitamka tukiwa na benki, bima au watu wa kodi.

Wengi mmetuuliza kwa nini hatukutumia jina moja tu. Sababu ya kwanza ni nyepesi: jina tulilolitaka lilikuwa limeshachukuliwa. Msajili wa makampuni, Companies House, ambaye ofisi yake kuu iko Cardiff, hakubali makampuni mawili yawe na jina lile lile. Wala huwezi kumzunguka kwa kuongeza nukta, kubadili herufi ndogo kuwa kubwa, au kutia "UK" mwishoni, kwani vitu hivyo havihesabiwi kuwa tofauti. Kampuni iliyotutangulia haipiki hata chai. Shughuli yake ni nyingine kabisa na iko mji mwingine. Tuliangalia pia daftari la alama za biashara, tukaona hakuna aliyelisajili jina hilo kwa chakula. Kwa hiyo kuliandika kwenye bango tuliweza, ila kulisajili kama jina la kampuni hatukuweza. Tukasajili herufi zetu, tukalipa pauni 50. Tungewahi kabla ya tarehe 1 Mei 2024, tungelipa pauni 12.

Sababu ya pili ni kwamba mmoja wetu hufasiri barua na vyeti kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na tulitaka kazi hiyo nayo ipite katika kampuni hiyo hiyo. Mtu anayetaka cheti chake cha ndoa kifasiriwe hatapenda kupewa ankara yenye picha ya sufuria. Kampuni moja yaweza kubeba majina ya biashara mawili, matatu, hata kumi.

Kilichotushangaza ni kwamba hapa jina la biashara halisajiliwi popote. Kwetu mambo siyo hivyo. Tanzania Bara mtu husajili jina la biashara BRELA, Zanzibar huenda BPRA, Kenya huenda Business Registration Service, na cheti chake hutiwa fremu kikatundikwa ukutani juu ya kaunta. Wenzetu walioko Marekani wanajua utaratibu mwingine. Kule California, anayefanya biashara kwa jina lisilo lake hupeleka taarifa kwa karani wa kaunti, kisha huitangaza gazetini mara moja kwa wiki kwa wiki nne mfululizo. Sheria yao huliita jina hilo "la kubuni", na asiyetimiza hayo hawezi kuendesha kesi mahakamani juu ya mkataba alioufanya kwa jina hilo mpaka kwanza atimize.

Uingereza nayo ilikuwa na daftari kama hilo. Lilianza kwa sheria ya mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati watu walipotaka kujua ni nani hasa aliye nyuma ya bango lenye jina la Kiingereza, hasa kama ni raia wa nchi adui. Daftari likadumu muda mrefu kuliko vita, hadi sheria ya makampuni ya 1981 ilipolifuta. Tangu hapo mtu huamka asubuhi, akachagua jina, akalitundika. Yapo mipaka: huwezi kujiita Limited au plc kama wewe siye, huwezi kutumia baadhi ya maneno mazito bila ruhusa, na huwezi kuvaa jina la mwenzio ukawadanganya wateja wake. Lakini ndani ya mipaka hiyo hakuna anayekuuliza.

Badala ya daftari, sheria imeweka sharti moja, na ndilo lililoturudisha kwenye redio ya wazazi wetu. Kwa mujibu wa sheria ya makampuni ya 2006 na kanuni zake za 2015, kampuni inayotumia jina la biashara lazima ionyeshe jina lake la usajili mahali inapofanyia kazi, mahali ambapo mgeni ataliona. Lazima iliandike kwenye barua, ankara, fomu za oda na tovuti yake. Kwenye barua, fomu za oda na tovuti iongeze namba ya usajili, sehemu ya Uingereza iliposajiliwa, na anwani ya ofisi iliyosajiliwa. Kwa maneno mengine, sheria inamtaka mfanyabiashara afanye anachofanya mtangazaji wa vifo, ayataje majina yote mawili kwa pumzi moja ili aliyekujua kwa hili akupate kwa lile. Mtangazaji huanza na jina la cheti akamalizia na la mtaani. Ankara huanza na la mtaani ikamalizia na la cheti.

Tulidhani hayo ni mambo ya karatasi tu, mpaka alipotupigia simu mama mmoja wa hapa mjini. Alikuwa ametuagizia biriani ya watu 120 kwa harusi ya binti yake wa pili. Tulimpelekea ankara, akafungua simu yake kulipa nusu ya kwanza. Tangu mwaka 2020 benki kubwa za hapa zilianza kulinganisha jina analoandika mlipaji na jina lililo kwenye akaunti. Mama aliandika jina analolijua, lile la bangoni. Benki ikamjibu kuwa jina halilingani na kumtahadharisha kwamba huenda anatapeliwa. Akafunga simu yake ya benki, akafungua ya kutupigia sisi. Hakupandisha sauti. Alisema tu twende kwake, sote watatu.

Tulikwenda jioni ile ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni. Lakini kabla ya chai nataka kujua jambo moja. Nyinyi ni nani?"

Tukaanza kujieleza kuwa ni wanafunzi, kwamba chakula chetu amekionja gulioni. Akainua mkono.

"Chakula nimekionja, sikuulizeni chakula. Nauliza nyinyi ni nani."

Kisha akatusimulia. Kwa harusi ya binti yake mkubwa alikuwa amempa mpambaji mmoja wa ukumbi pauni 600 za mwanzo, taslimu. Mpambaji huyo alikuwa na ukurasa mzuri wa Instagram, na jina la kupendeza lenye harufu ya asumini. Wiki moja kabla ya harusi simu ikawa haipokelewi, kisha ukurasa ukafutwa. Majirani wakamwambia aende mahakamani, madai madogo hayahitaji wakili na hapa England hufika hadi pauni 10,000. Akaenda kwenye ofisi ya ushauri wa bure. Kijana aliyemhudumia akafungua fomu, na swali lake la kwanza likawa jina na anwani ya mdaiwa. Mama akataja lile jina la asumini. Kijana akamuuliza: hilo ni jina la mtu, au la kampuni? Kama ni la kampuni, ni kampuni gani? Kama ni la mtu, anaitwa nani na anakaa wapi? Risiti aliyokuwa nayo ilikuwa kipande cha daftari chenye kiasi cha fedha, tarehe, na jina lile lile la kupendeza. Fomu haikujazwa.

"Jina lenu zuri," akatuambia. "Na lake lilikuwa zuri. Lakini wanangu, jina zuri halina mlango wa kubisha hodi."

Tukamwonyesha ankara yetu. Chini yake, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, ilikuwa imeandikwa kwamba jina la bangoni ni jina la biashara la kampuni yetu, imesajiliwa England na Wales, namba hii, anwani hii. Akavaa miwani, akasoma taratibu. Kisha mmoja wetu akachukua simu, akaingia kwenye daftari la Companies House, ambalo mtu yeyote husoma bila malipo, akaandika ile namba. Yakatokea majina yetu, sisi wakurugenzi watatu, kamili, jina la mtu na la baba na la babu, kama tulivyoyaandikisha.

Mama akayasoma kwa sauti. Alipofika la tatu akasimama, akarudia jina la babu, akamtazama mwenzetu.

"Huyu babu yako alikuwa na duka Mkunazini?"

Mwenzetu akasema ndiyo, ameambiwa hivyo.

"Basi nalijua. Tulikuwa tukitumwa pale na mama kununua mafuta ya taa. Lakini hatukumwita hivi. Tulimwita kwa jina la utani, mji mzima ulimwita hivyo, na duka lake likaitwa hivyo hivyo. Jina lake la kweli nalisikia leo, humu ndani ya simu."

Alitutajia hilo jina la utani. Mwenzetu hakuwahi kulisikia. Nyumbani kwao babu hutajwa kwa heshima yake tu. Tukacheka, yeye akachekea kwenye mtandio, ndipo chai ikaja. Usiku ule alilipa, safari hii kwa jina la kisheria, na benki ikanyamaza. Kabla hatujaondoka alitupa sharti moja: zile habari za chini ya ankara tuziandike na kwa Kiswahili, kwa sababu wanaotuagizia ni watu kama yeye, na karatasi ya Kiingereza huwa wanawapa watoto wawasomee. Tumefanya hivyo. Kiingereza kipo kama sheria inavyotaka, na juu yake uko mstari wa Kiswahili unaosema sisi ni nani na tunapatikana wapi.

Siku zilizofuata tulijadiliana sana kuhusu swali lake, maana lina kina kuliko linavyosikika. Mmoja wetu alisema kuwa jibu la kweli kisheria ni kwamba aliyeagiziwa biriani siye sisi. Kampuni ni mtu peke yake. Kanuni hiyo ilithibitishwa mwaka 1896, pale majaji wa House of Lords walipoamua kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa Whitechapel, London. Salomon aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, hisa karibu zote akawa nazo yeye, na mke na watoto watano wakawa na hisa moja moja. Kampuni ilipofilisika, wadai walitaka alipe kutoka mfukoni mwake. Majaji wakasema kampuni ni mtu mwingine, na deni ni lake. Leo wanafunzi wa sheria wa Nairobi na Dar es Salaam wanaisoma kesi hiyo kama wenzao wa hapa.

Kwa hiyo mama yule, alipouliza sisi ni nani, alikuwa anauliza maswali mawili bila kujua. Nani atapika? Sisi. Nani atadaiwa? Yule mtu wa karatasi mwenye herufi zetu. Na bangoni halikuandikwa jina la yeyote kati ya hao.

Mhadhiri mmoja wa sheria aliyewahi kualikwa klabuni alitueleza upande wa pili wa jambo hili, ambao unamhusu mwenye biashara kuliko mteja. Anayesaini mkataba kwa jina la bangoni tu, bila kuonyesha kuwa anasaini kwa niaba ya kampuni, anaweza kujikuta amefungwa yeye mwenyewe. Aliye upande wa pili wa meza atasema: mimi sikuijua kampuni yoyote, nilimjua huyu aliyenipa mkono. Sheria ya zamani ya 1985 ilikuwa kali zaidi. Ofisa aliyesaini hundi ambayo haina jina sahihi la kampuni aliweza kutakiwa ailipe mwenyewe kampuni isipolipa, hata kama kosa lilikuwa la neno moja. Sheria ya 2006 haikukiendeleza kifungu hicho, lakini funzo limebaki. Tunapokodi ukumbi au jiko, huandika jina la kampuni kwa ukamilifu, kisha jina la biashara, kisha "kwa niaba ya", ndipo tunatia saini. Bima yetu vilevile imeandikwa kwa jina la kisheria, maana siku sufuria ikimwagika mguuni mwa mtu, bango halitalipa.

Majina mawili yana mtego mwingine ambao wengi wenu mnauishi bila kuuona, nao uko benki. Halifax ina bango lake, rangi zake na kadi zake, lakini si benki inayojitegemea. Ni sehemu ya Bank of Scotland plc. Tofauti hiyo ina bei. Mfuko wa Uingereza wa kuwafidia wenye akiba benki inapoanguka huhesabu kwa benki yenye leseni, hauhesabu mabango. Tangu mwaka 2017, na kwa miaka mingi iliyofuata, ukomo ulikuwa pauni 85,000 kwa mtu. Aliyegawa akiba yake, nusu Halifax na nusu Bank of Scotland, akiamini kuwa ametia mayai katika vikapu viwili, alikuwa na kikapu kimoja chenye mikono miwili. Wengi wetu akiba hiyo tunaisikia tu, lakini wazee waliouza nyumba, na vikundi vyetu vya kuchangiana, wana sababu ya kujua.

Jambo hilo lilitugusa na sisi. Chakula na tafsiri ni majina mawili, lakini mfuko ni mmoja. Mtu akiumwa tumbo kwa kachori akashinda kesi, atakayelipa ni kampuni ile ile inayotunza fedha za tafsiri. Mteja wa vyeti hajui kwamba yuko mashua moja na mteja wa biriani.

Hatari kubwa kuliko zote ni bango kubaki na mtu aliye chini yake akabadilika. Kampuni inakufa na madeni yake, kesho yake inazaliwa nyingine ikajitwalia jina lile lile la barabarani, na mteja anaingia mlango ule ule asijue kuwa anayemdai ameshazikwa. Sheria ya ufilisi ya 1986 imeliona hilo. Mkurugenzi wa kampuni iliyofilisika ikiwa haiwezi kulipa madeni yake haruhusiwi, kwa miaka mitano, kuendesha biashara kwa jina lililotumiwa na kampuni hiyo au linalofanana nalo, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama au kwa masharti maalumu. Na katazo hilo linagusa hata jina la biashara, si lile la usajili pekee. Anayelivunja anatenda jinai, na madeni mapya yanaweza kumwandama yeye binafsi.

Baada ya kuyajua haya, mmoja wetu alipendekeza tuachane na jina la bangoni. Tutumie jina la kisheria kila mahali, alisema, tuwe watu wa jina moja. Tulilipima pendekezo hilo kwa uzito wake, na mwishowe wawili tukalikataa, kwa sababu hatuamini kuwa jina la pili ni uongo. Watu wa pwani wameishi na majina mawili tangu zamani. Jina la cheti hutambulisha ukoo wako, na la mtaani husema umekuwa nani kwa wenzio. Mama Fulani hamdanganyi mtu anapoitikia "Mama Fulani". Babu wa mwenzetu hakumdanganya mtoto aliyetumwa mafuta ya taa. Lakini Mkunazini ya wakati ule kila mtu alijua nyumba ya mwenye duka, msikiti anaosali, na kaka yake wa kumwendea akikataa kulipa. Mji wenyewe ndio uliokuwa daftari. Huku ughaibuni hakuna anayejua kwetu. Tukichukua mazoea ya jina la utani tukaacha nyuma ule ujuzi wa majirani, tunakuwa tumebeba nusu ya desturi, na nusu hiyo ndiyo iliyomla mama yule pauni 600.

Hata klabu yetu ina majina mawili. Kwenye vitabu vya umoja wa wanafunzi tumeandikwa kwa jina la Kiingereza, na ndilo tunalotumia kuomba chumba na kupokea ruzuku. Tukiweka jina hilo peke yake kwenye tangazo la usiku wa ngano na vitendawili, watakuja watu wanne. Tukiweka la Kiswahili peke yake, mlinzi wa jengo hatatufungulia. Basi tunaweka yote mawili.

Kwa wanachama wanaofikiria kuanza kitu, iwe ni mishono, tafsiri, kusuka nywele au mapishi, tunasema hivi. Chagueni jina mnalolipenda, kwa sababu jina la kuitia ni mali: chema chajiuza, lakini lazima mtu ajue akiulize wapi. Kabla ya kuchapisha bango, tafuteni kwenye daftari la makampuni na la alama za biashara. Kama ni chakula, mjisajili kwa halmashauri siku 28 kabla ya kufungua, ni bure. Asiye na kampuni, anayefanya peke yake kwa jina lisilo lake, naye anatakiwa kuandika jina lake halisi na anwani kwenye ankara. Na mnapokuwa wanunuzi, kabla hamjatoa malipo ya awali, tazameni chini ya karatasi. Msipoona jina la mtu au la kampuni, ulizeni kama alivyouliza mama yule, bila kuona haya. Aliye mkweli hataudhika.

Kwetu sisi limebaki jambo moja. Mwezi ujao tunakaa kikao kuamua kama tafsiri ipate kampuni yake, ili mwenye cheti cha ndoa asibebe hatari ya kachori. Maana yake ni ada nyingine, hesabu nyingine za mwaka, na akaunti nyingine ya benki, kwa kazi ambayo bado inaingiza fedha kidogo. Mwenzetu aliyetaka jina moja anasema ametuonya: tulikuwa na majina mawili, tukafikia matatu, sasa tunakwenda manne. Amekubali lakini kuandika muhtasari wa kikao, na juu yake ameshaandika majina yetu matatu kwa urefu wake wote, jina la mtu, la baba na la babu. Pembeni mwa lake ameongeza, kwa kalamu nyekundu, lile jina la utani la Mkunazini.